Twende Tukatembee na Kamera Ndogo

Jioni moja kwa mwezi, miguu yako, watoto wako na kamera isiyofika robo kilo: vinatosha kuokoa mambo ambayo familia nyingi huja kuyatafuta wakati yamekwisha kupotea.

Kaa chini leo na albamu ya nyumba yako, mama msomaji, uhesabu picha ulizomo wewe mwenyewe. Utakuta ya harusi, utakuta ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, na labda ile ya sikukuu ambayo umekatwa bega. Baada ya hapo wanaonekana watoto, anaonekana baba yao, wanaonekana wageni na keki; mama yuko jikoni. Kisha hesabu picha za mama yako mzazi na za bibi yako. Familia nyingi zinaujua uchungu huu: siku ya msiba inatafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza, na inayopatikana ni ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, mzee amekodoa macho kama mshtakiwa. Ikikuzwa inapauka. Wajukuu watakaozaliwa baadaye wataonyeshwa hiyo na kuambiwa bibi alikuwa hivi, na kumbe bibi hakuwa hivyo hata siku moja.

Siku hizi huwezi kusema sababu ni kukosa kamera. Nyumba nyingi zina simu yenye kamera, hata kama ni moja ya baba au ya kijana mkubwa. Sababu ni kwamba tumezoea kupiga picha siku za sherehe tu, watu wakiwa wamevaa nguo za kuazima na wamesimama mstari. Siku za kawaida, ambazo ndizo maisha yenyewe, hazina picha.

Makala hii inapendekeza jambo dogo: matembezi ya saa moja na nusu, kwa miguu, karibu na nyumbani, pamoja na watoto na kamera nyepesi. Mfano wetu ni Nsemulwa, mjini Mpanda, lakini msomaji wa Sumbawanga, Tabora au Kasulu atayatambua mengi.

KAMERA NYEPESI ILIANZIA NJIANI

Zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya mizigo. Kamera ilikuwa sanduku la mbao, picha ilinaswa kwenye kioo kizito, na chini yake ilisimama stendi ya miguu mitatu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kisanduku kilichoitwa Brownie, kikauzwa dola moja tu, na watu wa kawaida wakaanza kupigana picha wenyewe.

Hatua kubwa zaidi ililetwa na mtu mgonjwa wa kifua. Oskar Barnack alikuwa fundi huko Ujerumani. Siku za mapumziko alipenda kutembea mashambani na misituni akipiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kamera ya vioo pamoja na stendi yake vilimwelemea milimani. Hakuacha kutembea. Akapunguza kamera. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ametengeneza kamera ya kushikwa kwa mikono miwili, iliyotumia mkanda wa filamu za sinema, na mwaka 1925 kiwanda cha Leitz cha mji wa Wetzlar kilianza kuiuza kwa jina la Leica. Ukubwa wa picha alioutumia Barnack, milimita 24 kwa 36, ndio uliokuja kutumika katika kamera nyingi za filamu ambazo wazazi wetu walizijua.

Kwetu Afrika Mashariki picha ilikaa studio kwa muda mrefu. Zanzibar ilikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na miji ya bara nayo ikapata studio zake: pazia lenye mandhari ya kuchorwa, kiti cha kifahari, na mpiga picha anayekuamuru uinue kidevu. Picha hizo ni hazina na tusizidharau. Ila hazikuweza kuonyesha mama anavyopepeta mchele, wala baba anavyomfundisha mtoto kushika jembe. Mambo hayo hayaji studio. Yanahitaji kamera iyafuate yalipo, na kamera inayofuata watu ni lazima iwe nyepesi.

JIRANI YA PORI

Nsemulwa ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpanda wenyewe ni mji uliokuzwa na machimbo na reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia palichimbwa madini ya risasi, na tawi la reli lenye urefu wa kilometa 210 likajengwa kutoka Kaliua ili kuyasafirisha. Machimbo yale yalifungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini reli ikabaki na mji ukabaki. Watu wakaja kutoka pande zote, wakaungana na wenyeji. Leo jirani wa Mbende ni Mfipa, wa Mkonongo ni Msukuma, na anayekuuzia mihogo huenda ni Muha.

Mji huu umekaa katikati ya miombo, pori linalofunika sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa nchi yetu. Umbali wa kilometa zisizofika arobaini kusini, hapo Sitalike, ndilo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Wageni husafiri kutoka ng'ambo wakiwa na lenzi nene kama mchi ili kuwapiga picha viboko wanaobanana matopeni katika mto Katuma wakati wa kiangazi. Ni jambo jema, na mwenye nafasi ampeleke mtoto wake akaone. Lakini matembezi tunayoyazungumza hapa hayana kiingilio. Ni yale ya kutoka mlangoni kwako, kupita kwenye nyumba za majirani, kwenye tanuri za matofali na mashamba ya mahindi na karanga, hadi pale miti ya asili inapoanza.

Na pale miti inapoanza, mwaka hadi mwaka, panasogea mbali. Mji unakua, mashamba yanapanuliwa, na mkaa unatoka wapi sote tunajua, maana ndio tunaopikia. Mtoto aliyezaliwa leo akifika darasa la saba huenda itambidi atembee maradufu ili auone mti ambao bibi yake aliuona uani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutembea mapema.

"ANAZURURA HUYO"

Hapa pana kikwazo ambacho wanaume hawakijui sana. Mwanamke akionekana njiani bila ndoo, bila jembe, bila kikapu na bila mtoto mgongoni, watu huuliza anakwenda wapi. Akijibu kwamba anatembea tu, tayari yamekuwa mazungumzo ya kisimani.

Usigombane nao. Ungana na safari uliyo nayo. Kama jioni ya Jumamosi unakwenda kumjulia hali mgonjwa, ondoka saa moja mapema upitie njia ndefu. Kama mnakwenda shambani kuangalia mahindi, nenda na watoto badala ya kwenda peke yako. Jumapili baada ya ibada na chakula, mwambie mwenzako, "Baba fulani, leo twende wote." Wababa wengi wanapenda kuombwa kuliko tunavyodhani, na baba ndiye anayejua hadithi ya kila mti aliowahi kuupanda utotoni. Jambo la msingi ni kwamba nyumbani wajue mmeelekea upande gani na mtarudi lini.

UBEBE NINI, UACHE NINI

Uzuri wa kamera nyepesi hauishii kwenye uzito. Kamera kubwa yenye lenzi ina kilo moja hadi mbili; hiyo inataka mikono yote miwili na macho yote mawili. Mama hana mikono miwili ya kutoa. Mmoja umeshika mtoto. Simu nyingi hazifiki robo kilo, na kamera ndogo za mfukoni ni hivyo hivyo. Unaitoa, unapiga, unairudisha, na muda wote bado wewe ni mama wa watoto wako na jirani wa watu wako.

Beba hivi:

Simu au kamera ndogo iliyochajiwa, ikiwa na nafasi ya kutosha ndani. Futa kabla ya kutoka, si njiani.

Kitambaa laini na kikavu. Kioo cha kamera ya simu hushikwa na vidole vyenye mafuta siku nzima, na picha zikawa na ukungu. Kabla ya kila safari kifute. Kazi hii ya nusu dakika inashinda kununua simu mpya.

Mfuko mdogo wa nailoni, kwa ajili ya vumbi la kiangazi na manyunyu ya masika.

Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Mtoto mwenye njaa hapigiki picha.

Kanga moja ya ziada. Ni kivuli, ni mkeka, ni mbeleko mdogo akichoka, na ikining'inizwa nyuma ya mtu ni pazia zuri kuliko la studio.

Daftari dogo na kalamu. Tutaona kazi yake.

Viatu vya kufunika vidole. Majani marefu yana miiba na yana nyoka.

Acha nyumbani pochi kubwa, vito, manukato na haraka.

Jambo moja zaidi. Zamani mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36, ukiisha umeisha, kwa hiyo watu walitazama kabla ya kubonyeza. Simu inaweza kuchukua maelfu, na matokeo yake tunapiga hovyo kisha hatuzitazami tena. Jiwekee sharti: picha 24 tu kwa matembezi mamoja. Utashangaa jicho linavyoamka.

SAA YA KUTOKA

Mpanda iko magharibi sana, lakini inafuata saa moja na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua letu huchomoza na kuzama kama nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Hapa jua la utosi ni karibu saa 7 mchana, na machweo huja karibu na saa 1 jioni, miezi mingine kuipita kidogo. Hii ni zawadi kwa mama: ukitoka saa 11 jioni una mwanga wa kutosha wa kwenda na kurudi.

Jua la mchana ni baya kwa picha za watu. Linapiga kutoka juu, macho yanakuwa mashimo meusi na paji la uso linang'aa kama sahani. La jioni linakuja kwa ubavu, limepoa, na udongo mwekundu unawaka. Ikikulazimu kupiga mchana, mwite mtu chini ya mwembe au mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, atazame nje penye mwanga.

Ngozi zetu nyeusi zinahitaji uangalizi. Kwa miaka mingi rangi za filamu zilirekebishwa viwandani kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ndiyo maana katika picha nyingi za zamani nyuso zetu zimezama gizani. Simu za leo ni afadhali, lakini bado ukimsimamisha mtu na anga jeupe nyuma yake, kamera hulitazama anga na kumsahau mtu. Dawa ni mbili. Mwondoe kwenye anga, mweke mbele ya ukuta wa udongo, majani au kanga. Au gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ijue mwenye shughuli ni nani.

NJIANI KUNA NINI

Miombo ni pori linalobadilika nguo. Mwezi wa Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu na majivu ya moto yakiwa bado yanaonekana, miti huchipua majani mapya kabla ya mvua. Majani hayo hayaanzi na kijani. Huanza mekundu, ya rangi ya shaba na zambarau, na kwa wiki chache pori lote linafanana na mti wa krismasi kabla ya krismasi. Wengi tumepita hapo maisha yetu yote tukiwa na mzigo kichwani na hatujainua macho.

Mtafute mninga. Kila fundi seremala wa Mpanda anaujua ubao wake, lakini watoto wengi wanajua kitanda cha mninga na hawaujui mti. Tunda lake ni la duara, katikati lina miiba kama brashi, na pembeni limezungukwa na ukingo mwembamba kama karatasi, mfano wa yai la kukaanga. Liweke kwenye kiganja cha mtoto, piga picha kiganja na tunda pamoja. Ukiona mahali gome lilipokatwa, tazama utomvu wake: ni mwekundu kama damu. Mtoto akiuliza kama mti unaumia, hapo mazungumzo mazuri yameanza, na wewe hukuyapanga.

Inua macho tena, huenda pana mzinga. Mkoa huu unajulikana kwa asali, na bado iko mizinga ya jadi iliyotengenezwa kwa gome au gogo, imetundikwa juu matawini. Piga picha kutoka mbali na ondokeni kimya. Nyuki hawapendi kelele wala harufu kali. Ndiyo maana tumesema manukato yabaki nyumbani.

Mvua zikianza, inama badala ya kuinua macho. Uyoga huchomoza chini ya miti ileile ya miombo, kwa kuwa nyuzi zake zimeungana na mizizi ya miti hiyo na vinalishana. Mti ukikatwa, uyoga ule nao hutoweka, na akina mama wanaouuza kando ya barabara wanapoteza kipato. Upige picha, lakini tahadhari: picha haithibitishi uyoga unaolika. Mwenye kujua ni mama au bibi aliyeuchuma miaka yote, na mtoto asiguse asichokijua.

Hali kadhalika maji. Katika mkoa huu bwawa au mto mkubwa unaweza kuwa na kiboko au mamba, na kiboko hutoka majini kwenda kula majani wakati uleule wa jioni ambao mwanga unapendeza. Wenyeji wakisema hapo hapakaribiwi, hapakaribiwi. Hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtoto.

Sasa toa daftari. Kwa kila mti mliopiga picha, andika jina lake la Kiswahili, kisha uliza lugha za nyumbani. Mbende ana jina lake, Mkonongo lake, Mfipa lake, Msukuma lake. Mti mmoja, majina manne au matano, na kila jina lina habari: unatibu nini, unajengea nini, kwa nini haukatwi. Majina hayo yanaishi vinywani mwa wazee. Picha ya mti bila jina ni picha ya majani tu.

OMBA KWANZA

Utakutana na watu, na watu ndio picha bora kuliko zote. Pia ndio wenye haki. Usimvizie mtu kama ndege. Salimia kwanza, simama, ulizia habari za nyumbani, kisha sema shida yako: "Shikamoo bibi. Tunatembea na wanangu, tunapenda kukupiga picha ukisuka ukili wako. Unaturuhusu?" Akikataa, mshukuru na uendelee na salamu kama kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wanakuona, na hapo wamejifunza heshima kuliko mahubiri matatu.

Akikubali, usimwambie asimame wima. Mwache aendelee na kazi. Tazama mikono. Uso wa mzee ukielekezewa kamera hukaza, lakini mikono haijui kuigiza: inamenya, inasuka, inachambua mboga, inamfunga mjukuu kifungo. Mpige mikono, piga uso akicheka na mjukuu, piga na kile kigoda chake. Kisha mwonyeshe, tena kaa naye azitazame taratibu. Na ukimwahidi kumletea, mletee. Ahadi ya picha isiyotimizwa ni deni, na wazee wetu wanayakumbuka madeni hayo.

Watoto wa watu wapigwe kwa ruhusa ya mzazi, na picha zao zisirushwe mitandaoni. Mtoto asiye na nguo, mgonjwa au mwenye kulia si mapambo ya simu yako. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, jiulize tu: ningependa mwanangu aonekane hivi na watu nisiowajua? Vilevile usielekeze kamera kambini, kituo cha polisi wala mahali penye bango la kukataza picha.

MPE MTOTO KAMERA

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, maana simu ni ghali na vidole vya watoto vinateleza. Funga kamba, mvishe mkononi, akae chini, kisha mwachie.

Mwachie picha kumi kati ya zile 24. Atapiga kisigino chako, mbuzi, tundu la mchwa, mawingu, na siafu wanaovuka njia. Usimcheke wala usimsahihishe. Mkirudi muulize, "Hapa uliona nini?" Halafu nyamaza usikilize.

Usikilizaji huo si jambo dogo. Mkoa jirani wa Kigoma una Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Serikali ya wakati ule haikukubali msichana akae porini peke yake, basi akaja na mama yake, Vanne. Mama huyo alikaa naye miezi ya mwanzo na akafungua kijizahanati cha kuwatibu wavuvi. Lakini kazi yake ilikuwa imeanza mapema zaidi. Jane alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi, alipotea kwa saa nyingi hadi watu wakaanza kumtafuta. Kumbe alijificha bandani akitaka kuona kuku anavyotaga. Aliporudi amejaa mabua kichwani, mama yake aliona macho yanavyong'aa. Hakumgombeza, alikaa chini akaisikiliza hadithi yote ya yai. Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, aliisimulia habari hiyo maisha yake yote.

Kumpa mtoto kamera kuna faida nyingine, na hii ni yako, mama. Mtoto akishika kamera, wewe sasa umo. Umekaa kwenye kanga, umevua kitambaa, unacheka na jino lako lililopungua. Usijifiche. Usiseme hujachana nywele. Mwanao hajali nywele. Siku moja atataka kumwonyesha mkewe au mumewe mama yake alivyokuwa, na atamwonyesha hiyo.

BAADA YA KURUDI

Picha iliyobaki ndani ya simu haijaokoka. Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa ikiwa na kila kitu ndani. Usiku uleule kaeni pamoja, chagueni. Kati ya 24 bakizeni tano au sita, nyingine futeni bila huruma. Hizo tano zitumie pia kwa dada yako au kwa kijana aliye masomoni, ili ziwe mahali zaidi ya pamoja.

Kisha kila baada ya miezi michache peleka kumi studio mjini zisafishwe kwenye karatasi. Punguza soda mbili tatu za wageni, fedha itapatikana. Zibandike kwenye albamu au hata daftari gumu la shule, na chini ya kila moja andika mambo manne: nani, wapi, lini, anafanya nini. "Bibi mzaa mama, Nsemulwa, Novemba, anachambua uyoga." Baada ya miaka thelathini maandishi hayo yatakuwa na thamani kuliko picha yenyewe, maana sura bila jina hupotea mara ya pili. Albamu iwekwe juu, pakavu, ndani ya kopo au begi linalofungika. Mchwa hawabishi hodi.

Ukitaka kuona faida kubwa, rudini mahali palepale mwaka ujao, mwezi uleule, mtoto asimame kando ya mti uleule. Miaka mitano ya picha kama hizo itawaonyesha jinsi mtoto alivyopanda na mti ulivyofanya. Kama mti haupo, hilo nalo mtalijua, na pengine ndipo mtakapopanda mwingine.

Kabla mwezi huu haujaisha, chagua jioni yako. Kama mama yako mzazi yu hai na miguu yake inaruhusu, mpitie. Asipoweza kutembea mbali, kaeni naye hapo uani chini ya mwembe, jua likiwa limepoa, na mwambie mjukuu wake aanze na mikono yake.